Mjane Hafungui Begi

Mliomlilia Wivine wiki iliyopita, msivikunje vitambaa vyenu bado. Mimi ninayewasimulia nilitamani nimpe japo safari moja ya raha, lakini mambo haya siyapangi mimi. Yalimpata yeye, na yeye ndiye aliyenieleza kwa mdomo wake, tumekaa kibarazani pake Ndosho, hapa Goma, naye hakunificha hata lile la aibu.

Aliyeikosa hadithi asipotee. Wivine ni mke wa Hilaire, kiongozi wa wageni wanaopanda mlima wa moto Nyiragongo. Mlima ulipopasuka mwaka ule wa 2021, Hilaire hakurudi, wala mwili haukuonekana. Kilichorudi ni begi lake la mgongoni, lililoletwa na rafiki yake Edmond, kiongozi mwenzake, limefungwa kwa kamba ya katani, fundo juu ya fundo. Mji mzima tulikuwa tumekimbilia Sake. Wivine alilipokea begi uwanjani mwa shule, mbele za watu, akaanguka nalo.

Sasa mwaka wa nne unaingia. Mama mkwe wake, kule Butembo, ameacha kula. Anasema hawezi kufa kabla hajamzika mwanawe, na kama mwili hakuna, basi vizikwe vitu vyake vya mlima. Barabara imekaliwa na waasi, hapiti mtu. Ndiyo maana tulimwacha Wivine uwanja wa ndege wa Goma, begi kifuani, mbele ya meza ya usalama. Mazishi ni kesho asubuhi.

Walishamwambia alitie begi kwenye mizigo ya chini. Akakataa. Ndege zile ndogo, wenyewe mnazijua: zikizidiwa na magunia ya samaki, mzigo wa mtu unashushwa kimyakimya na kuambiwa usubiri ndege nyingine. Nani atazika begi lililobaki Goma?

Afisa wa usalama, mwanaume mrefu aitwaye Bagalwa, aliangalia kioo cha mashine, akaangalia begi, akamwangalia Wivine.

"Mama, fungula sakado," akasema, akiligusa begi.

"Sifungui, papa."

"Sababu gani?"

"Si yangu. Ni ya bwana yangu."

"Na bwana yako iko wapi?"

"Alikufaka kwa mulima."

Nyuma ya Wivine kulikuwa na mwanamke wa biashara, Asha, mwenye asili ya Kasongo, amebeba vitenge vya kwenda kuuza Butembo. Yule si mtu wa kunyamaza, lakini aliposikia hayo alishusha vitenge vyake sakafuni tu.

"Pole sana, mama," Bagalwa akasema. "Lakini niko naona gazi mule ndani. Niko naona kisu. Niko naona fimbo ya chuma. Hivyo haviingiaka kwa ndege mukononi. Unafungula, ao unabakia."

Mnadhani Wivine alikuwa mkaidi? Hapana. Katika nyumba ya akina Hilaire, mzigo wa mwisho wa marehemu haufunguliwi na mjane. Hufunguliwa na dada ya marehemu, kaburini, watu wakiona. Mjane akiufungua anakuwa amemfukuza mumewe kwa mkono wake. Wivine aliolewa akaambiwa hivyo, akashika hivyo. Begi lilikaa juu ya kabati miaka hiyo yote na mafundo ya Edmond hayakuguswa. Kila vita vilipokaribia mji, cha kwanza kushushwa kilikuwa lile begi, godoro baadaye.

Na alilipenda, jamani. Usiku wa mvua alikuwa akiliambia habari za siku nzima. Alinieleza hilo akitazama pembeni, nami sikucheka.

"Papa," akamwambia Bagalwa, "uniruhusu nipige simu Butembo."

"Piga. Lakini ndege haingojake mutu."

Simu ilipokelewa na Fabiola, dada yake Hilaire, mulamu wake, ndivyo tunavyoitana mashemeji na mawifi. Huyo ndiye mwenye haki ya kufungua.

"Mulamu, umeshapanda?"

"Bado. Wanataka kufungua begi."

Nyuma ya Fabiola zilisikika sufuria na wanawake wa msiba wakiitana.

"Mulamu, shimo tumechimba," akasema. "Mama tumemuvalisha. Amekaa kwa mulango, anaangalia njia. Juzi na jana hakuonja kitu. Usiniambie begi haikuje."

"Sitafungua mimi."

"Usifungue weye. Mwambie huyo papa afungue kwa jina langu. Weye geuka, angalia ukuta. Atakavyotoa avitaje kwa sauti, ili Hilaire asikie kwamba havikuibwa."

Wivine akampa Bagalwa simu. Sijui Fabiola alimwambia nini zaidi, ila mwanaume alivua kofia yake, akaiweka mezani, akasema, "Ndiyo, mama. Ndiyo. Nimesikia." Hata watu wa mstari waliokuwa wakinung'unika wakaacha.

Wivine akageuka, akatazama ukuta. Ulikuwa umepakwa rangi ya kijani na kubanduka pembeni. Akasikia kamba ya katani ikikatwa.

"Koti ya mvua," Bagalwa akataja. "Imekunjwa."

Wivine akaitikia kwa kichwa. Alilikunja mwenyewe asubuhi ile Hilaire alipoondoka, juu ya goti.

"Soksi, jozi mbili. Makaa kwa mufuko. Hizi ni misumari ya hema. Hii haiendi, mama, utanisamehe."

"Haina neno."

"Fimbo ya chuma, ya kukunja." Fimbo ile Hilaire aliachiwa na mgeni mmoja, naye akaipenda kama mtoto wa kwanza. "Kisu. Chupa ya gazi."

"Gazi iko namna gani?" Asha akauliza, maana alishachoka kunyamaza.

"Imejaa. Hata kifuniko haijatoka."

Hapo, anasema Wivine, aliikumbuka chai. Edmond alikuwa amemweleza pale Sake, si mara moja, jinsi walivyofika juu salama, jinsi Hilaire alivyowachemshia wageni chai kwa gesi, na jinsi alivyompa Edmond kikombe chake mwenyewe. Halafu wakati wa kushuka mgeni mmoja akachelewa, Hilaire akamwachia Edmond begi, akarudi juu kumchukua. Mlima ukapasuka. Chai ile Wivine aliililia kuliko kitu kingine chochote. Pengine walikuwa na gesi nyingine, akajiambia. Mtu aliyefiwa anajua sana kujijibu.

"Na hii ya mwisho," Bagalwa akasema. "Viatu."

"Malapa," Wivine akamsahihisha, uso bado ukutani.

"Hapana, mama. Viatu vya mulima. Vizito. Vimefungwa pamoja kwa kamba zake."

"Angalia vizuri, papa. Mule ndani ni malapa ya mupira wa gari."

"Mama, niko navishika mukononi."

Wivine akageuka. Mila ikaanguka hapohapo sakafuni na hakuna aliyeiokota.

Ngojeni niwaeleze, maana msipolielewa hili hamtajua kwa nini alishika meza kwa mikono miwili. Viatu vile Hilaire aliletewa na mgeni kutoka mbali, naye aliviheshimu. Hakuvikanyagisha mawe ya Goma hata siku moja. Kutoka nyumbani mpaka Kibati, pale wanapoanzia kupanda, alivaa malapa ya tairi, viatu vikiwa begini. Kibati anakaa juu ya jiwe, anavaa viatu, malapa yanaingia begini. Akishuka, anabadilisha tena. Wivine alimtania kwamba viatu vinaishi vizuri kuliko mke.

Kwa hiyo mtu aliyepanda mlima, begi lake lina malapa. Na begi lenye viatu ni la mtu ambaye hakupanda.

Wivine akavichukua. Akapitisha kidole chini ya soli. Palikuwa pasafi, jinsi alivyopasugua mwenyewe.

"Mama, kuko tatizo?" Bagalwa akauliza.

"Bwana yangu hakupanda," akasema.

"Hakupanda nini?"

Hakumjibu. Alikuwa ameshaanza kubonyeza simu, vidole vinakosea namba, anafuta, anabonyeza tena. Edmond sasa anaishi kambini Mugunga. Vita vilimtoa Kibati pamoja na mkewe na mbuzi mmoja, na kila Wivine akipata unga, nusu alimpelekea. Mtu aliyekunywa chai ya mwisho ya mume wako ni ndugu.

"Mulamu Wivine," Edmond akapokea kwa furaha. "Umefika Butembo?"

"Edmond, kwa begi kuko viatu."

Wivine akaibana simu sikioni.

"Edmond, uko nanisikia? Viatu viko ndani. Malapa hayako."

Wivine alitegemea ashangae. Alitegemea aseme labda alikosea, labda alivikuta njiani, labda chochote. Na angelimkubalia, anasema. Neno lolote angelikubali.

Edmond akasema, "Nani alikuambia ufungue?"

Wasomaji wangu, hilo ndilo jibu alilopewa. Miaka yote ile yule mwanaume alilala usingizi kwa sababu alijua mila ya nyumba ya rafiki yake, na alijua Wivine ni mke wa kushika mila. Alifunga mafundo yale akijua yanamlinda yeye.

"Bwana yangu iko wapi?" Wivine akauliza.

"Zika ile begi, mulamu."

"Nimekuuliza, iko wapi?"

"Zika tu. Mama wa Hilaire apumuzike, na weye upumuzike. Mimi nilimuahidia."

"Ulimuahidia nani? Edmond, ulimuahidia nani?"

Simu ikakatwa. Akapiga tena, ikaita mpaka mwisho. Akapiga tena, ikawa imezimwa.

Na chai je? Hapakuwa na chai. Kikombe alichokililia mpaka macho yakavimba hakikuwahi kuwepo. Wivine alisimama pale na viatu kifuani, akahisi uchungu asioujua, kwa sababu wa kifo alishauzoea. Aliyekufa hakuchagua. Anayeondoka na malapa yake, akaacha watu wamwambie mkewe kwamba ameungua, huyo amechagua.

Sauti ikatangaza abiria wa Butembo waende kwenye ndege.

"Mama," Bagalwa akasema, na sasa alikuwa akizungumza polepole, "sijui umeambiwa nini, lakini ndege iko inaondoka. Gazi, kisu na misumari vitabakia. Na fimbo hii pia. Fimbo ya chuma haipandi, isipokuwa ya mutu mwenye hawezi kutembea bila fimbo."

Asha akamvuta Wivine kando. "Umesikia? Chechemea."

"Nini?"

"Chechemea, mama. Shika hii fimbo na uchechemee mpaka kwa ndege. Utazika nini, koti na soksi? Bwana yako anastahili fimbo yake."

Asha wa watu hakujua kitu. Alidhani bado anasaidia msiba. Wivine akaishika fimbo, akainyoosha, akapiga hatua ya kwanza, na mguu haukumbeba kweli. Wa pili nao vivyo hivyo. Bagalwa akajifanya anatazama kioo chake.

"Unafanya vizuri sana," Asha akamnong'oneza.

Wakatoka nje. Uwanja ule una upande ambao lava ya zamani, ile ya 2002, ilipita na kuganda, na mlima wenyewe ulikuwa wazi asubuhi ile, moshi wake umesimama juu. Wivine hakupata kuutazama tangu msiba. Alikuwa akipita mjini ameinamisha kichwa, kwa chuki. Sasa akautazama. Alikuwa ameusingizia mlima bure.

Katikati ya njia akaamua. Aliamua akilini na moyoni, anasema, na nawaomba mumsikilize kabla hamjamwita mjinga. Mama mkwe hakuwahi kumnyooshea kidole. Wivine hakujaliwa mtoto, na nyumba nyingine zingemrudisha kwao zamani, lakini yule mama alisimama mbele ya ukoo wote akasema, "Huyu ni mutoto wangu, na mutoto wa mutu harudishwi." Sasa anakufa kwa kukosa kaburi la kulilia. Je, umfikie umwambie mwanao hakuungua, alikukimbia na wewe pia?

La. Atazika. Viatu vitaingia shimoni, fimbo itaingia, mama atakula uji, atalala, na siku yake ikifika ataondoka kwa amani. Uongo wa Edmond ataubeba yeye Wivine, ameshazoea kubeba. Akirudi Goma atakwenda Mugunga, akae mlangoni pa Edmond mpaka mtu aseme.

Akafika chini ya ngazi ya ndege. Simu ikaita.

"Mwana wangu." Ilikuwa sauti ya mama mkwe mwenyewe. Sauti ile hakuwa ameisikia siku nyingi, na haikuwa ya mgonjwa. "Uko namuleta?"

Wivine akalivuta begi begani.

"Ndiyo, mama. Niko namuleta."

"Kuja mbio. Leo nimekula."

"Umekula, mama?"

"Nimekula na nikamaliza. Mungu hakunisahau. Kuja tu, utaona na macho yako."

Wivine akaanza kulia, na safari hii ilikuwa nafuu. Kumbe angalau jambo moja limenyooka. Simu ikachukuliwa na Fabiola, naye alikuwa akihema, ametoka nje mbali na watu.

"Mulamu, uko wapi?"

"Niko chini ya ndege. Kwa nini mama amekula? Amekula nini?"

"Sikia. Usipande kama hujanisikia." Fabiola akashusha sauti. "Kuko mwanamuke amekuja kwa kilio. Hatumujui. Alisikia habari ya maziko sokoni. Amesema hataingia ndani, kumbe iko nje ya uzio tangu asubuhi, tumemuona kisha ile simu yako. Ana mutoto mugongoni."

"Mutoto wa namna gani?"

"Muchanga, mulamu. Anaanza kusimama tu. Bado ananyonya."

Wivine akaikumbatia fimbo. Abiria wa mwisho walikuwa wakimpita, wakimwomba radhi kwa mkoba na kwa kiwiko.

"Mama alienda mwenyewe mpaka kwa uzio," Fabiola akaendelea. "Alishika mutoto, akamuangalia masikio. Sasa hataki kumuachilia. Amemukalisha mapajani, anamulisha, na yeye anakula. Anasema ni masikio ya Hilaire. Mimi nilimwambia, mama, Hilaire amekufa mwaka wa ine huu, mutoto mwenye ananyonya atatoka wapi? Anacheka tu."

"Na huyo mwanamuke anasema nini?"

"Hasemi. Anasema iko na neno lakini ni la kwako, weye peke yako. Ametoka mbali, miguu imevimba. Nilimuhurumia hata mimi, mulamu, nilitaka nimupe viatu vyangu. Kwa miguu amevaa malapa ya mwanaume, ya mupira wa gari. Makubwa, yanamutoka. Kamba ya kushoto ilikatika, imeshonwa na uzi wa buluu."

Uzi ule wa buluu ulikuwa wa nyavu za sambaza, dagaa wa ziwa letu. Wivine aliununua kando ya ziwa, akaishona kamba ya lapa la Hilaire kwa sindano ya gunia, akajichoma kidole, Hilaire akamfunga kidole na kumcheka.

Juu ya ngazi mfanyakazi wa ndege alikuwa ameshika mlango kwa mkono mmoja. Asha alishaketi, anampungia kutoka dirishani. Butembo mama mkwe alikuwa akila na mtoto mapajani, akimngoja mkwewe amletee mwanawe azikwe.

"Mama," mfanyakazi akaita, "unapanda, ao unabakia?"